Kuumeni na Kukeni: Hifadhidata za Vinasaba na Utafutaji wa Nasaba Jijini Nairobi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii husikika mara kwa mara katika harusi na matanga jijini Nairobi, lakini ni nadra kwa msemaji kuulizwa swali linalofuata: asili hiyo hujulikanaje? Nairobi ilianza kama kambi ya wajenzi wa reli mwaka 1899, na koo nyingi zinazoishi humo leo zilifika kutoka kwingine. Mzee aliyeweza kuwataja mababu kumi mfululizo alibaki kijijini. Mjukuu wake alizaliwa Kawangware, akasomea Kangemi, akaajiriwa Westlands, na lugha ya babu yake anaielewa kwa kukisia tu. Mjukuu huyo anapotaka kujua alikotoka, mlango ulio karibu naye siku hizi si wa mzee bali wa maabara. Hutema mate katika kichupa, huyatuma, kisha matokeo yake huwekwa pamoja na ya maelfu ya watu wengine katika hifadhidata, ambayo Watanzania huiita kanzidata.

Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi hifadhidata za vinasaba zinazojengwa na jamii zenyewe zinavyofanya kazi katika kufuatilia nasaba za kuumeni na kukeni, na maana yake kwa mkazi wa Nairobi. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba vinasaba huonyesha nani alimzaa nani, lakini havionyeshi nani ni wa nani. Kwa sababu hiyo, hifadhidata ya aina hii humfaa mwenye nasaba pale tu ambapo jamii yenyewe inashika funguo zake na kuisoma kwa lugha yake.

Nasaba kabla ya vinasaba

Kiswahili kina msamiati mpana wa nasaba. Kuna ukoo, mlango, mbari, jamaa na shajara, na zaidi ya hayo kuna maneno mawili yanayogawa ulimwengu wa jamaa katika pande zake mbili: kuumeni, yaani upande wa baba, na kukeni, yaani upande wa mama. Maneno haya si mapambo. Jijini Nairobi yamewahi kuamua mambo mazito, na mifano miwili yatosha kuthibitisha.

Mfano wa kwanza ni ardhi. Kabla ya walowezi kufika, maeneo ya magharibi ya Nairobi kama vile Kabete na Dagoretti yalimilikiwa na mbari za Wakikuyu, kila mbari ikiwa na githaka chake. Serikali ya kikoloni ilipounda Tume ya Ardhi ya Kenya mwaka 1932, chini ya uenyekiti wa Jaji Morris Carter, wazee wa mbari walifika mbele yake kutoa ushahidi wa ardhi waliyopokonywa. Ushahidi huo, uliochapishwa mwaka 1934, ni nasaba kwa sehemu kubwa: nani alikinunua kitongoji kipi, akamzaa nani, na nani akarithi. Kwa wazee hao, kutaja babu kulikuwa sawa na kuonyesha hatimiliki.

Mfano wa pili ni kaburi. Wakili mashuhuri wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ndugu wa marehemu na ukoo wa Umira Kager walitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mujibu wa mila za Waluo. Maiti ilikaa mochari kwa zaidi ya miezi mitano huku mahakama zikibishana. Mwezi Mei 1987, Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya kuzika, naye akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei. Katika kesi hiyo hakuna aliyetilia shaka kwamba Otieno alizaliwa na baba yake. Kilichogombewa ni maana ya kuzaliwa huko. Swali hilo hakuna maabara ingeweza kulijibu wakati huo, wala hakuna inayoweza kulijibu leo.

Nyuzi mbili ndani ya mwili

Mwili wa binadamu hubeba nyuzi mbili za urithi ambazo hazichanganyiki kirahisi. Uzi wa kwanza ni kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume peke yake. Kwa kuwa sehemu yake kubwa haichanganyiki na urithi wa mama, hupita kutoka kwa babu hadi kwa baba, kisha kwa mwana, ikibadilika kidogo sana. Mabadiliko hayo madogo yakihesabiwa, huonyesha wanaume wawili waliachana kwa babu mmoja yapata vizazi vingapi vilivyopita. Uzi wa pili ni DNA ya mitokondria, ambayo ni mduara mfupi wa herufi 16,569. Mama huwapa watoto wake wote, wa kiume kwa wa kike, lakini ni mabinti pekee wanaoupitisha mbele.

Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba istilahi za ujamaa zimekwisha kuichora ramani hii. Mjomba na mpwa wake hubeba mitokondria ileile, kwa kuwa wote wawili huipata kwa bibi mmoja, mama yake mjomba. Ami na mtoto wa kiume wa ndugu yake hubeba kromosomu Y ileile. Mwanamke hana kromosomu Y, hivyo akitaka kuijua nasaba yake ya kuumeni hana budi kumwomba baba, kaka au ami apimwe kwa niaba yake. Kadhalika, miongoni mwa Wadigo wa pwani ya kusini ya Kenya, ambako zamani mpwa alimrithi mjomba wake, mali ilifuata njia ileile inayofuatwa na mitokondria.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba nyuzi hizi mbili ni nyembamba mno. Mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na akirudi nyuma vizazi kumi huwa na nafasi 1,024 za wahenga. Kromosomu Y humwakilisha mmoja tu kati ya hao, na mitokondria humwakilisha mwingine mmoja. Wahenga 1,022 waliobaki hawana sauti katika vipimo hivi viwili. Kuna kipimo cha tatu, kinachochunguza kromosomu 22 nyingine, lakini hicho huchanganya urithi wa pande zote, na baada ya vizazi vichache alama za mhenga mmoja mmoja hufifia. Kwa hiyo mtu anayetangaza kwamba kipimo cha Y kimemweleza yeye ni nani, amesikiliza sauti moja katika baraza la zaidi ya watu elfu.

Jinsi jamii inavyojenga hifadhidata

Maabara peke yake haiwezi kumwambia mtu ukoo wake. Humpa orodha ya tarakimu, na tarakimu hizo hupata maana zinapolinganishwa na za watu wengine wanaoijua asili yao. Hapo ndipo jamii inapoingia. Kampuni ya FamilyTreeDNA, iliyoanza Houston, Marekani, mwaka 2000, iliwaruhusu wateja wake kuunda miradi ya ukoo, ya jina au ya eneo. Kila mradi huwa na msimamizi wa kujitolea ambaye hupanga matokeo katika makundi, huwauliza washiriki majina ya wahenga wao wa mbali wanaowakumbuka, na huonyesha ni matawi yapi yanayokaribiana. Mwaka 2010 wapenda nasaba wawili wa Marekani, Curtis Rogers na John Olson, walianzisha GEDmatch, ambapo mtu aliyepimwa na kampuni yoyote aliweza kuleta matokeo yake na kuyalinganisha na ya wengine bila malipo.

Watu hawa wa kawaida wamewahi kuisogeza mbele sayansi yenyewe. Familia moja ya Wamarekani Weusi wa South Carolina ilituma sampuli ya mwanamume wao, nayo ikakosa alama ambazo wanaume wote waliojulikana hadi hapo walikuwa nazo. Ripoti iliyotolewa mwaka 2013, ambayo miongoni mwa waandishi wake alikuwamo msimamizi wa kujitolea wa mradi wa nasaba, ilionyesha kwamba tawi hilo, linaloitwa A00, lilijitenga na matawi mengine yote ya kuumeni yapata miaka 338,000 iliyopita, makadirio ambayo watafiti wengine waliyashusha baadaye. Tawi hilohilo lilipatikana pia miongoni mwa Wambo wa magharibi mwa Kameruni. Mtu aliyekuwa akimtafuta babu yake alikuwa amelibadilisha shina zima la mti.

Je, mfumo huu ukiletwa Nairobi utafanya kazi? Kikwazo cha kwanza ni majina. Miradi ya Ulaya na Marekani hupangwa kwa jina la ukoo linalorithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Nchini Kenya sivyo. Mkikuyu humpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, hivyo majina huzunguka badala ya kushuka. Mluo hupewa jina kufuatana na wakati aliozaliwa: Otieno ni aliyezaliwa usiku, Ochieng' ni aliyezaliwa jua likiwaka. Mradi wa akina Otieno ungewakusanya watu waliozaliwa usiku, si watu waliozaliwa na babu mmoja. Hifadhidata ya Kenya haina budi kupangwa kwa ukoo, mlango au mbari, na habari hizo hazipatikani katika kitambulisho. Hupatikana kwa wazee, na kila mzee anayefariki bila kuhojiwa huondoka na ufunguo wa tarakimu ambazo maabara itaendelea kuzitoa bila yeye.

Kikwazo cha pili ni uchache wa Waafrika wenyewe. Mradi wa kimataifa wa jenomu elfu moja, ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2015, ulichunguza watu 2,504 kutoka jamii 26. Kenya iliwakilishwa na jamii moja, Waluhya wa Webuye, watu 99. Mradi mwingine uliotangulia ulikuwa umewajumuisha pia Wamaasai wa Kinyawa. Sampuli hizi zimetumika duniani kote kama kipimo cha kulinganishia. Yamkini, basi, mtu wa Atlanta au London anayeambiwa kwamba ana asili ya Kenya amefananishwa na watu mia moja hivi wa mji mmoja wa Bungoma. Waswahili wa Lamu, Wataita, Waembu, Wateso na Wasomali hawakuwamo katika kapu hilo. Kutokuwamo kwao hakuna maana kwamba hawana uhusiano na anayetafuta. Maana yake ni kwamba hakuna aliyewauliza.

Kuumeni kulisema, kukeni kulinyamaza

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili unatoka makaburini. Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda na Faza nchini Kenya, na Kilwa na Songo Mnara nchini Tanzania, pamoja na kijiji kimoja cha bara. Wengi wao waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwa viongozi wa utafiti huo alikuwamo mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyewahi kufanya kazi na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako katika kilima cha Museum Hill, kati ya jiji na Westlands.

Matokeo yalikuwa haya. Kwa wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, hasa kwa wahenga wa kike. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na kati ya asilimia 80 na 90 ya urithi huo wa Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 hivi urithi wa Arabuni uliongezeka. Mitokondria karibu zote zilikuwa za Kiafrika, ilhali kromosomu Y za wanaume wengi zilikuwa za Asia ya kusini-magharibi.

Mjadala wa asili ya Waswahili ni wa siku nyingi. Tarehe ya Kilwa inasimulia juu ya masultani waliotoka Shirazi. Waandishi wa kikoloni waliishikilia simulizi hiyo wakadai kwamba miji yote ilijengwa na wageni. Wasomi wa baadaye, hasa Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha kwamba lugha na utamaduni wa Waswahili vina mizizi ya Kibantu, na baadhi ya wasomaji wakaona kwamba Ushirazi ni hadithi tupu. Vinasaba havikumpa ushindi yeyote kati ya hao wawili. Vilionyesha kwamba shajara ziliwakumbuka akina baba kwa usahihi zaidi kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba ziliwasahau akina mama karibu kabisa.

Hata hivyo, kulikuwa na hifadhi nyingine iliyowakumbuka akina mama, nayo ni lugha. Watoto wa ndoa hizo hawakukua wakisema Kiajemi. Walisema Kiswahili, lugha ya Kibantu, ambayo yaelekea ndiyo waliyobembelezewa. Shajara iliandikwa kuumeni, lugha ikaandikwa kukeni. Mwanaisimu aliyechunguza ngeli za nomino na mnyambuliko wa vitenzi alikuwa akisoma ushahidi uleule ambao mwanajenetiki aliusoma baadaye katika mitokondria. Tahadhari moja yafaa kutolewa: makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye hadhi, na haifai kudhani kwamba mvuvi na mkulima wa zama hizo walikuwa na urithi wa namna hiyohiyo.

Kitanda hakizai haramu

Hadi hapa vinasaba vimeonekana kuwa shahidi mwaminifu. Lakini shahidi mwaminifu anaweza kuulizwa swali lisilomhusu. Waswahili husema kitanda hakizai haramu, yaani mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa ndoa hiyo. Methali hii haidai kwamba hakuna udanganyifu ndani ya ndoa. Inasema kwamba jamii imeamua nani ni baba, na imeamua hivyo ili mtoto asikose pa kuegemea.

Mila nyingi za Kenya zina uamuzi wa aina hiyo. Miongoni mwa Waluo, mtoto aliyezaliwa na mjane baada ya kurithiwa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Miongoni mwa Wanandi, Wakamba na Wakuria, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwenzake, na watoto wa mwanamke huyo wakawa wa nyumba ya aliyeoa. Mwaka 2011, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Wanandi katika kesi ya mirathi. Mtoto wa nyumba hiyo akipimwa kromosomu Y leo, haitafanana na ya wajomba wala ya ami za ukoo unaomlea. Je, si wa ukoo huo? Mila ilikwisha kujibu, na sheria ikalikubali jibu lake. Kadhalika, Waluo walimpokea jadak, nao Wakikuyu wakampokea muhoi, yaani mgeni aliyepewa ardhi ya kulima, na baadhi ya wageni hao vizazi vyao viliungana na wenyeji wao.

Hatari iko wazi. Katika maeneo kama Dagoretti na Kabete, ambako ardhi iliyokuwa shamba la mbari sasa huuzwa kwa bei ya viwanja vya mjini, orodha ya nani ana kromosomu Y ya mbari na nani hana inaweza kugeuzwa kuwa orodha ya nani arithi na nani afukuzwe. Hifadhidata iliyoanzishwa ili kuwakutanisha ndugu ingekuwa ya kuwatenganisha. Mtoto aliyelelewa kwa jina la babu kwa miaka arobaini angeambiwa na karatasi ya maabara kwamba hana babu.

Kwa upande mwingine, kuna watoto ambao karatasi hiyo huwapa wanachonyimwa. Huko Nanyuki, watoto waliozaliwa na mama Wakenya na wanajeshi wa Uingereza waliokuja mazoezini walikua bila kuwajua baba zao. Katika miaka ya karibuni, wanasheria na wanajenetiki wa Uingereza wameyalinganisha matokeo ya watoto hao na hifadhidata za nasaba zilizo wazi kwa umma, wakawapata jamaa wa kuumeni, na kupitia jamaa hao wakawafikia baba wenyewe. Mahakama ya familia jijini London ikathibitisha uzazi wa baadhi yao. Hapa kipimo hakikumvua mtoto ukoo. Kilimzuia baba kuukana. Tofauti ya mifano hii miwili haimo katika teknolojia. Imo katika nani aliyeuliza swali, na kwa faida ya nani.

Nani ashike funguo?

Hakuna mahali jijini Nairobi ambapo swali hili limeulizwa kwa uchungu kuliko Kibera. Wanubi, wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza, waliishi hapo tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, na jina la mahali hapo linatokana na neno lao la msitu. Licha ya hayo, kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyefikia umri wa miaka 18 alitakiwa kufika mbele ya kamati ya upekuzi ili athibitishe kwamba wazazi na mababu zake ni Wakenya kabla ya kupewa kitambulisho. Kwake yeye, nasaba haikuwa burudani ya mwisho wa wiki. Ilikuwa mtihani wa uraia.

Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha Sheria ya Usajili wa Watu ili kuruhusu serikali kukusanya, pamoja na mambo mengine, DNA ya kila mkazi katika mfumo uliojulikana kama Huduma Namba. Jukwaa la Haki za Wanubi lilikwenda mahakamani pamoja na walalamishi wengine. Tarehe 30 Januari 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi, Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir, waliamua kwamba ukusanyaji wa DNA kwa njia hiyo ulikiuka haki ya faragha iliyomo katika kifungu cha 31 cha Katiba. Jamii iliyokuwa imeulizwa asili yake maisha yote ndiyo iliyowaokoa Wakenya wote wasichukuliwe vinasaba vyao kwa lazima.

Kabla ya uamuzi huo, mwezi Novemba 2019, Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa imepitishwa. Sheria hiyo huziweka data za kijenetiki katika kundi la data nyeti, pamoja na asili ya kikabila na majina ya wazazi, watoto na mwenzi wa mtu. Kwa maneno mengine, hata shajara ya karatasi inayowataja walio hai ni data nyeti. Chama cha ukoo kinachotaka kukusanya nasaba za wanachama wake kinawajibika kuwaeleza wanachotoa, kitahifadhiwa wapi, na jinsi ya kukiondoa.

Funguo zikishikwa na watu binafsi, nako hakuna usalama wa moja kwa moja. GEDmatch ilianzishwa na wapenda nasaba, lakini mwaka 2018 polisi wa California waliitumia kumnasa muuaji wa miaka ya nyuma, na mwaka 2019 iliuzwa kwa kampuni ya uchunguzi wa jinai. Mwaka 2023 wadukuzi walizifikia habari za watu wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe, nayo kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika mwezi Machi 2025. Mteja anaweza kubadilisha neno la siri lililoibwa. Kinasaba hakibadilishwi, na aliyekitoa amewatoa pia ndugu zake ambao hawakuulizwa.

Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanaihusu vipi idara ya Kiswahili. Jibu la kwanza ni istilahi. Tanzania imelikubali neno kinasaba, na ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009. Magazeti ya Nairobi huandika msimbojeni au chembechembe za DNA. Neno kinasaba lina faida kwamba linaeleweka papo hapo, lakini limebeba mzigo. Nasaba, kwa asili yake ya Kiarabu, ilielekea zaidi kuumeni. Anayeambiwa kwamba vinasaba vyake vimepimwa huenda akadhani kwamba ni baba pekee aliyetafutwa. Ni wajibu wa wanaistilahi kuhakikisha kwamba kila kipimo kinatajwa kwa upande wake, kuumeni au kukeni, maana lugha tayari inayo maneno hayo.

Jibu la pili ni ridhaa. Fomu ambazo mtu hutia saini kabla ya kutoa mate huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Mama wa Kawangware anayetia saini asichokielewa hajaridhia. Kuitafsiri fomu hiyo kwa Kiswahili kinachoeleweka, hata na asiyesoma bali anasomewa, ni kazi ya mtaalamu wa lugha.

Jibu la tatu ni simulizi. Hifadhidata inahitaji majina ya milango, mahali pa kuhamia, miiko na majigambo ya ukoo, yaani fasihi simulizi. Mwanafunzi anayerudi nyumbani likizoni akiwa na kinasa sauti anaweza kukusanya kwa alasiri moja kile ambacho maabara haitakipata kamwe. Na anapomhoji babu, amwombe pia bibi awataje mama zake, kwa kuwa orodha hiyo ndiyo iliyo hatarini zaidi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hifadhidata za vinasaba zinazojengwa na jamii zinaweza kuwasemesha akina mama walionyamazishwa na shajara, kumfikishia mtoto baba aliyemkana, na kuliziba pengo ambalo mji umeliacha kati ya mjukuu na babu. Yameonyesha pia kwamba nyuzi mbili kati ya 1,024 si mtu mzima, na kwamba ukoo ni uamuzi wa watu kabla ya kuwa jambo la damu. Kesi ya Wanubi inafundisha kwamba kinasaba kinachotolewa kwa hiari na kile kinachochukuliwa kwa lazima si kitu kimoja, hata kama mate ni yaleyale. Mwacha asili ni mtumwa, ni kweli. Lakini mtu anayeiacha asili yake mikononi mwa wengine, wamwambie ni ya nani, hajapata uhuru zaidi ya huyo.